Kadi ya siriali katika mtambo wa simu: ipime kabla ya kuihukumu kuwa imekufa

Nahodha wa Nyaya, Tudor

Salaam, ndugu mafundi na nyote mnaosimamia mitambo ya simu. Naanzisha uzi huu kwa sababu ya jambo linaloniuma. Katika vyumba vya mitambo vya hapa kisiwani Mombasa, Nyali na hata ng'ambo ya Likoni, ningali nakuta kadi za siriali zilizochomolewa zikiwa nzima, zimetupwa juu ya kabati na kubandikwa karatasi ya "mbovu", ilhali ubovu ulikuwa kwenye kebo, au kwenye swichi ya anwani, au kwenye mstari mmoja wa programu. Nortel, waliotengeneza Meridian 1, mtambo wa simu za ofisi na hoteli, waliingia katika ufilisi mwaka 2009, na kitengo chao cha mitambo ya ofisi kikanunuliwa na Avaya mwaka huo huo. Kadi unayoitupa leo utaitafuta kesho kwa bei ya kuruka, tena iliyokwisha kutumika.

Kwa wasioifahamu, kadi hii ndiyo mlango ambao mtambo hutumia kuzungumza na vifaa vingine kwa herufi, si kwa sauti. Hapo ndipo fundi huchomeka kompyuta yake ili aingie kwenye programu, na hapo ndipo hutoka kumbukumbu za simu zinazoiwezesha hoteli kumtoza mgeni wa chumba fulani kwa simu aliyopiga Ujerumani usiku. Mlango huo ukifungwa, simu zitaendelea kulia kama kawaida na hakuna atakayelalamika, mpaka mhasibu agundue mwisho wa mwezi kwamba vyumba vyote vina bili ya sifuri.

Kuipachika kadi si kazi ngumu, lakini yako mambo ya kuangalia. Katika Meridian kubwa, kadi ya NT8D41 haikai mbele pamoja na wenzake, bali hupachikwa nyuma ya bodi kuu ya viunganishi, na nimewahi kumwona fundi akiitafuta mbele mpaka akaamua kwamba mtambo ule hauna kadi ya siriali kabisa. Toleo lake la NT8D41BA lina poti nne. Swichi ndogondogo zilizo juu yake ndizo zinazoamua anwani, kasi ya kila poti, na kama poti itasimama upande wa kompyuta au upande wa modemu, yaani zile alama za DTE na DCE. Poti hizo hupewa anwani mbili mbili, kwa hiyo ukigusa swichi za anwani unahamisha jozi nzima, si poti moja. Kadi mbili zikipewa anwani moja zitagombana, na fundi asiyejua ataichomoa ile mpya na kuiita mbovu. Piga picha ya swichi kabla hujaisukuma kadi ndani, kwa sababu ikishaingia huzioni tena. Kadi ya NT6D80 ina utaratibu tofauti: anwani yake huzungushwa kwa swichi za duara, kasi huwekwa kwa programu, na swichi za juu ya kadi huchagua kama poti itakuwa RS-232 au RS-422, yaani viwango viwili tofauti vya kutuma herufi kwa volti kwenye nyaya. Usichukue mazoea ya kadi moja ukayapeleka kwenye nyingine.

Sasa nije kwenye nyaya, maana hapa ndipo kadi nyingi zinaposingiziwa kifo.

Chukua mita ya kawaida na uiweke kwenye volti za DC. Ncha nyeusi iguse pini ya 7 ikiwa plagi ni ya pini 25, au pini ya 5 ikiwa ni ya pini 9. Hiyo ndiyo ardhi ya mawimbi. Ncha nyekundu iguse pini ya 2, usome, kisha iguse pini ya 3, usome. Poti iliyo hai, hata kama haitumi herufi yoyote wakati huo, huushikilia waya wake wa kutumia katika volti hasi. Ndivyo RS-232 ilivyo tangu toleo la C la mwaka 1969: kati ya -3 na -15 ni moja, kati ya +3 na +15 ni sifuri, utulivu ni hasi, na kilicho katikati hakihesabiki. Kwa hiyo ukisoma -9 au -11 kwenye pini moja, na karibu sifuri kwenye nyingine, umeshajua mambo mawili kwa mpigo mmoja: kwamba kadi ina uhai, na kwamba pini yenye hasi ndiyo mdomo wake. Ile yenye sifuri ni sikio, linasubiri.

Fanya vivyo hivyo kwenye kompyuta au printa itakayopokea, ukiwa hujaunganisha chochote. Baada ya hapo huna haja ya kubahatisha kama kebo inyooke au ipishane. Waya utoke kwenye mdomo wa huyu uende kwenye sikio la yule, na wa pili urudi vivyo hivyo. Mtego upo kwenye namba zenyewe, kwa kuwa kompyuta yenye plagi ya pini 25 hutuma kwenye pini ya 2, na ile yenye plagi ya pini 9 hutuma kwenye pini ya 3, kwa hiyo kebo ya 25 kwenda 9 inayoonekana imepishana kwa namba huenda ikawa imenyooka kwa maana, na inayoonekana imenyooka ikawa imepishana.

Ukishaunganisha pande zote mbili, usifunge kifuniko cha plagi bado. Pima tena. Waya wa 2 uwe hasi na waya wa 3 uwe hasi pia. Ukikuta mmoja ni hasi na mwingine ni sifuri, basi midomo miwili imewekwa kwenye waya mmoja na masikio mawili kwenye mwingine. Kila mmoja anasema na hakuna anayesikia. Badilisha nyaya hizo mbili upande mmoja tu. Kipimo hiki kinachukua muda mfupi kuliko kuandika karatasi ya "mbovu".

Zikibaki nyaya za idhini, mambo huwa hivi: mtambo unaweza kukataa kutoa herufi hata moja mpaka uone volti chanya kwenye pini zake za kuruhusiwa. Wengi hufunga pini ya 4 na ya 5 pamoja, kisha 6, 8 na 20 pamoja, kwenye plagi ya 25. Kwenye plagi ya 9 ni 7 na 8, kisha 1, 4 na 6. Njia hii naikubali kwa kompyuta, ambayo hupokea haraka. Kwa printa siikubali. Printa ikiishiwa karatasi haitakuwa na njia ya kuuambia mtambo usubiri, na kumbukumbu zitakazotoka wakati huo zimepotea, hakuna atakayezirudisha. Kwa printa, vuta waya wa idhini wa kweli kutoka kwenye pini yake ya kusema "niko tayari".

Mwisho ni programu. Katika Meridian unaingia LD 17 (LD ni sehemu ya programu, kila moja na namba yake), unaongeza TTY, yaani poti ya siriali, unaitajia aina ya kadi na poti, na kwenye USER unaweka CTY ikiwa ni ya kumbukumbu za simu. LD 37 itakuonyesha kama poti imewashwa. Poti ikiwa imewashwa, volti ziko sawa, na bado hakuna kitu, nenda LD 16 uangalie kama njia za simu za kutoka zimeambiwa CDR YES, yaani ziandike kumbukumbu za simu, kwa sababu kadi haiwezi kutoa kumbukumbu ambayo mtambo haukuiandika. Kisha hifadhi mabadiliko kwa amri ya EDD katika LD 43. Mji huu stima hupotea bila hodi, na mabadiliko ambayo hayakuhifadhiwa huondoka mtambo unapoanza upya. Kesho yake utaambiwa kadi "imekufa tena".

Naomba wenye uzoefu wachangie, hasa wa mitambo ya Panasonic.

Fundi wa Likoni

Kaka Nahodha, nashukuru kwa maelezo haya. Nina kazi ambayo imenisumbua na naona inaingia hapa hapa. Ni hoteli iliyo kusini, jengo la mtambo liko upande wa lango na ofisi ya uhasibu imehamishiwa jengo jingine karibu na bwawa la kuogelea. Waliovuta kebo kabla yangu walitumia jozi za Cat5, kebo ya mtandao wa kompyuta, na kwa makadirio yangu ni zaidi ya mita 80. Kasi ni biti 9600 kwa sekunde. Asubuhi kumbukumbu hutoka safi. Mashine za maji na za baridi zikianza kufanya kazi, herufi huharibika, na mvua kubwa ikinyesha hukatika kabisa. Nimepima kama ulivyosema: nyaya zote mbili ni hasi. Nimeshawishika kubadilisha kadi. Nisaidieni kabla sijaagiza.

Nahodha wa Nyaya

Ndugu yangu, usiagize. Kadi yako inasema na inasikika asubuhi. Kadi mbovu haijui saa.

Umbali huo ndio jambo la kwanza. Toleo la zamani la RS-232 lilitaja mita 15 hivi. Matoleo ya baadaye yaliacha kuhesabu mita yakahesabu uwezo wa kebo kuhifadhi chaji, na kikomo kikawa pikofaradi 2500. Cat5 ina takriban pikofaradi 50 kwa kila mita kati ya nyaya mbili za jozi moja, kwa hiyo kwa hesabu hiyo unapata mita 50 kwa shida, nawe una 80. Wimbi linalotoka likiwa na pembe kali hufika limezunguka kama jiwe la mtoni, na mpokeaji hukosea kuhesabu biti. Kushusha kasi kungesaidia upande huo. Kwa 1200 bado unapata herufi 120 kwa sekunde, kwa kuwa kila herufi hubeba biti kumi pamoja na ya kuanzia na ya kumalizia, na mstari wa kumbukumbu wenye herufi 80 utapita kabla sekunde haijaisha. Hoteli haihitaji zaidi. Kumbuka tu kwamba ikiwa kadi yako ni NT8D41, kasi hubadilishwa kwa swichi zilizo juu yake, si kwa programu. Ukibadilisha upande wa kompyuta pekee utapata takataka.

Lakini habari ya mashine na mvua inanitia wasiwasi zaidi kuliko umbali. Naomba upime kitu kimoja: chomoa kebo upande wa uhasibu, weka mita kwenye volti za AC, ncha moja kwenye waya wa ardhi ya mawimbi unaotoka kwenye mtambo, na nyingine kwenye athi ya soketi ya ofisi ile. Mashine zikiwa zinafanya kazi. Tuambie umesoma nini.

Mzee wa Rileyi

Wanangu, naomba niongeze neno hapo hapo, kwa kuwa nimefanya kazi hii tangu enzi za Posta na Simu na nimeona mengi yakiungua.

RS-232 hupima kila kitu dhidi ya waya mmoja wa ardhi. Waya huo ukiuvuta kutoka jengo moja hadi jingine, umeziunganisha athi za majengo mawili kwa uzi mwembamba wa simu. Nasi tuko pwani: chini yetu ni mwamba wa matumbawe, kijiti cha athi hakishuki kirahisi, na mahali pengi kimekatwa katikati na kufunikwa saruji ili kazi ionekane imekwisha. Athi mbili dhaifu haziwi sawa kamwe. Mashine kubwa ikiwaka upande mmoja, tofauti ya volti kati ya majengo hupita kwenye waya wako wa pini ya 7, nayo hujiongeza au hujipunguza kwenye kila herufi. Radi ikipiga karibu, tofauti hiyo si ya volti chache tena, na hapo ndipo kadi hufa kweli, pamoja na kompyuta ya mhasibu.

Kwa hiyo mimi nasema wazi: RS-232 isivuke kutoka jengo hadi jengo kwa shaba, hata kama umbali unaruhusu. Naona mafundi wa siku hizi wakifunga vizuia radi kwenye laini za nje kwa uangalifu mkubwa, kisha kebo ya siriali inaning'inia kati ya mapaa mawili bila kinga yoyote.

Fundi wa Likoni

Shikamoo mzee wangu, na nakushukuru. Kaka Nahodha, nimerudi leo na kupima kama ulivyoagiza. Mashine zikiwa zimezimwa mita inaonyesha chini ya volti moja. Pampu ya bwawa ikiwaka inapanda kupita volti nne, na inachezacheza. Je, RS-422 itatosha?

Mzee wa Rileyi

Marahaba, mwanangu. Volti nne zinatosha kabisa kukuharibia herufi, maana mpaka kati ya moja na sifuri ni volti tatu tu kila upande. RS-422 hutumia nyaya mbili kwa kila wimbi na husoma tofauti kati yao, kwa hiyo huvumilia kelele na hufika hadi mita 1200 kasi ikiwa ndogo. Hata hivyo uvumilivu wake wa tofauti ya athi una kikomo, nao haukuondolei radi. Nakushauri faiba: vigeuzi viwili vidogo vya siriali kwenda faiba, kimoja kila upande. Kioo hakibebi umeme wala hakijali athi ya nani iko wapi.

Bint Kizingo

Samahani kaka zangu, na shikamoo mzee. Mimi nasimamia kompyuta katika ofisi moja ya uwakala wa forodha, si fundi wa simu. Tuna mtambo wa Panasonic KX-TDA, na kompyuta mpya hazina poti ya siriali, hivyo nimenunua kigeuzi cha USB pale mjini. Nimefuata kipimo cha mwanzo wa uzi. Upande wa mtambo nasoma -8 na kitu. Upande wa kigeuzi nasoma +5 kwenye pini ya 3, wala si hasi. Je, nimeshika pini isiyo sahihi? Na kuna mwenzangu anauliza kwa nini tusitupe yote haya tukahamia simu za intaneti, maana kebo za intaneti za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zimetua hapa hapa Mombasa tangu mwaka 2009.

Nahodha wa Nyaya

Dada, umeshika pini sahihi na umepima vizuri. Kigeuzi chako si cha RS-232 kamili. Ni cha kuzungumza na bodi ndogo za elektroniki, ambako utulivu ni +5 au +3.3 na sifuri ni sifuri. Kimevishwa tu plagi ya pini 9. Mtambo ukiunganishwa nacho utaiona ile +5 kama herufi isiyokwisha, na volti zake hasi zinaweza kukiunguza. Kirudishe dukani. Kabla ya kulipia kingine, omba wakichomeke kwenye kompyuta yoyote pale pale na upime pini ya 3 dhidi ya ya 5. Hasi tano au zaidi, nunua. Chanya, acha. Ukishakipata, kichomeke kwenye tundu lile lile la USB siku zote, kwa kuwa ukihamisha tundu kompyuta inaweza kukipa namba nyingine ya poti, na programu ya kumbukumbu itabaki inasikiliza mlango usio na mtu. Katika KX-TDA100 na 200 poti ya RS-232 iko kwenye kadi kuu yenyewe, kwa hiyo huna haja ya kununua kadi nyingine.

Kuhusu kuhama, huo ni uamuzi wa mwenye ofisi, naye ana haki ya kuufanya. Ila mtambo unaofanya kazi na uliokwisha kulipiwa hauondolewi kwa sababu ya kigeuzi kibaya.

Bint Kizingo

Nimeelewa, kaka. Swali la mwisho: plagi ya zamani niliyoitoa ina unga wa kijani kwenye pini. Niukwangue?

Nahodha wa Nyaya

Usikwangue kwa kisu wala msasa. Pini nzuri zimepakwa dhahabu nyembamba sana, na ukiikwangua umeukaribisha ukijani urudi kwa kasi zaidi. Hiyo ni chumvi ya hewa ya bahari imekutana na shaba, na huzidi katika vyumba ambavyo kiyoyozi huzimwa usiku, kwa sababu chuma kilichopoa hupokea unyevu wa hewa ya joto inapoingia. Tumia brashi laini na spiriti safi ya kusafishia elektroniki, acha ikauke kabisa. Ukijani ukiwa umeingia mpaka ndani ya ganda la waya, ambapo shaba imekuwa nyeusi, plagi hiyo haifai. Kata sentimita kadhaa mpaka uone shaba inayong'aa, na ubane pini mpya kwa koleo lake maalumu badala ya koleo la kawaida. Waya wa ngao uufunge upande wa mtambo pekee, na skrubu za plagi zikazwe, maana plagi iliyolegea ndiyo inayoingiza hewa.

Fundi wa Likoni

Taarifa kwa wote: mwenye hoteli amekubali vigeuzi vya faiba, na kebo itapita kwenye mfereji wa chini uliopo. Nauliza tu, ile Cat5 ya zamani niiache hapo hapo kama akiba?

Mzee wa Rileyi

Iondoe yote, mwanangu, ncha mbili na katikati. Ukiiacha, fundi atakayekuja baada yako ataiona inaning'inia karibu na kadi na ataichomeka.